Nyota Chini, Milia Juu

Wiki ile Marlys Tveit hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anafungua friji, na ndani ya friji hamna anachokitaka. Televisheni ya jikoni ilikuwa inaonyesha ramani ile ile ya uchaguzi wa Marekani, majimbo mengine yameshapakwa rangi ya mshindi, jimbo letu la Wisconsin bado la kijivu kwa sababu kura zake hazijaisha kuhesabiwa. Jumanne alikwenda kulala upande wake ukiongoza. Jumatano akaamka upande wa pili unaongoza. Kufika adhuhuri, hata wale mabwana wa tai shingoni waliokuwa wakiichezea ramani kwa vidole walikuwa wanaropoka tu.

Upande wake ni upi, sisemi. Nikitaja, nusu yenu mtashangilia na nusu mtaacha kusoma, na mambo ya namna hiyo tulishayaona ya kutosha wiki ile katika mji wetu wa Kettle Prairie.

Marlys alikuwa mjane wa miaka sabini na mbili. Maisha yake karibu yote aliendesha basi la shule, na hakuna mtoto wa mji huu aliyewahi kumdanganya. Aliinua macho tu kwenye kioo cha juu ya usukani, mwizi wa sandwichi akajitaja mwenyewe. Binti yake alihamia Arizona, akawa anampigia kila Jumapili kumuuliza kama anakula vizuri. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mumewe, Orrin, alipofariki Januari, aliyekuja alfajiri kuondoa theluji mlangoni kwake alikuwa Gene Kowalke wa ng'ambo ya barabara, na kila theluji iliyoanguka baada ya hapo, Gene alikuja na koleo lake bila kuombwa.

Gene alikuwa baharia wa jeshi enzi za ujana. Kila asubuhi saa mbili alipandisha bendera ya taifa kwenye mlingoti uliotazamana na dirisha la jiko la Marlys, na jua likizama akaishusha. Haikulala nje hata siku moja. Marlys alikuwa anatia kahawa yake ikipanda.

Kura yake Gene aliipeleka upande wa pili, siku zote, na siku zote ikawa mzaha baina yao. "Dereva, umepotea njia tena?" Gene humwambia akiona bango la mgombea wa Marlys kwenye nyasi za mbele ya nyumba. "Zama huko, baharia," humjibu, kisha anavuka kwenda kunywa kahawa na Donna, mke wa Gene, rafiki yake wa kuimba naye kanisani.

Mwaka huu mzaha ulikufa. Sijui uliuawa na nani. Bango la Marlys lilitoweka Oktoba. Akasimika jingine, likatoweka. La tatu lilipong'olewa alivuka barabara na kandambili zake.

"Gene, mabango yangu yako wapi?"

"Sikuchukua mimi."

"Basi nani?"

Gene akatazama viatu vyake. Marlys aliyajua macho hayo, aliyaona kwenye kioo miaka na miaka. Mtu huyu alikuwa anaficha kitu, na hapo hakukosea. Alikosea kitu chenyewe.

"Uzee huu, Gene Kowalke, unaiba vijiti vya karatasi kwenye nyasi za mjane! Usinisemeshe tena. Umenisikia? Mpaka tunazikana, usinisemeshe neno."

Gene alikubali kwa kichwa tu, akafunga mlango taratibu.

Basi mkate wake ukaingia mchanga. Gene alimkera, lakini aliyemkosesha usingizi ni Donna. Tangu majira ya baridi yaliyopita Donna alikuwa anaanza kusahau, anatia chumvi mara mbili, anamwita Marlys kwa jina la dada yake. "Amechoka tu," Gene alikuwa akisema. Sasa mlango ule ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni Marlys kwa mdomo wake mwenyewe. Kila siku alijiambia kesho atavuka, kesho ikafika, akawasha televisheni.

Jumatano ile ya kijivu alitia kahawa, akatazama nje. Bendera ya Gene ilikuwa imepinduliwa, nyota chini, milia juu.

Hapa kwetu siku hizi mtu akiudhiwa na serikali au na kura, hupindua bendera. Marlys alihisi damu inapanda.

Duane Bauch, jirani wa pembeni, alikuwa anapita na mbwa wake. Marlys akatoa kichwa mlangoni. "Umeiona hiyo?"

"Nimeiona," Duane akacheka. "Mzee hana subira. Upande wake unaongoza na bado ananuna!"

"Anasema tunaiba. Mimi mwizi, eti!"

Alhamisi hesabu ikageuka. Wa upande wa Gene wakaanza kupita na magari yao ya mizigo, wakiona bendera wanapiga honi na kuinua ngumi: huyu mwenzetu. Usiku wake ikageuka tena, na Ijumaa wa upande wa Marlys nao wakapiga honi, wakidhani mzee kahamia kwao. Kila mtu aliisoma bendera kwa miwani yake. Ijumaa hiyo mvua ya baridi ilinyesha kutwa kucha, na Jumamosi asubuhi bendera ilikuwa ingali nje, imelowa, imejinata kwenye mlingoti.

"Hata adabu ya bendera imemtoka," Marlys akaiambia televisheni. Alifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akakumbuka bakuli lake la oveni, lenye jina lake kwenye utepe chini, lililobaki kwa Donna tangu kiangazi. Atakwenda kulichukua. Asiseme neno, alichukue, na huo uwe mwisho wa ujirani.

Alibisha hodi, akangoja mno. Gene alipofungua alikuwa ameegemea ufagio uliogeuzwa, kichwa cha ufagio kwapani, uso mweupe, ndevu za siku nyingi. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikatoka kabla yake.

"Bakuli langu," Marlys akasema, kisha akachungulia ndani.

Donna alikuwa sebuleni amevaa koti, nywele zimeshikana na kitu kilichokauka, uji labda. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha nguo, na ndani ya kikapu mabango, ya pande zote mbili, ya mtaa mzima, yamesimamishwa vizuri vijiti chini.

"Nimechuma maua," Donna akasema kwa furaha. "Chagua moja, mpenzi. Mekundu ndiyo yananukia."

Marlys akamgeukia Gene. Gene akatazama viatu vyake vile vile.

"Ungeniambia tu, wewe mtu!"

"Nikwambie nini? Kwamba mke wangu anavuna mabango kwenye nyasi za watu? Mtaa mzima umcheke?" Akashusha pumzi. "Heri waniite mimi mwizi."

"Na huo mguu?"

"Jumanne usiku alitoka. Nikamkimbilia, nikateleza ngazini. Nyonga hii, Dereva, siiwezi. Sijalala, nikilala ataondoka. Na nikienda hospitali, nani atabaki naye?"

"Simu huna?"

"Ninayo."

"Sasa kwa nini hukunipigia, Gene? Siku zote hizi!"

"Ulisema nisikusemeshe."

Ilikuwa kweli. Alisema.

"Sikukusemesha," Gene akasema. "Jumatano alfajiri nilitambaa mpaka mlingotini nikaipandisha bendera. Kuishusha ndiyo sikuweza tena. Baharini bendera ikipinduliwa haina maana ya pili. Chombo kinazama, mwenye macho aje." Akaonyesha kwa kidevu dirisha la jiko la Marlys, ng'ambo. "Nilijua wewe unaitazama kila siku."

"Niliitazama," Marlys akasema, na aibu ikamchoma mpaka masikioni. "Nilidhani ni siasa."

"Nilizisikia honi. Nikamwambia Donna, hao wanakuja. Wanapiga honi, wanapita."

Marlys aliita gari la wagonjwa, na walipokuwa wanambeba Gene kwenye machela, Gene akamshika Marlys mkono. "Donna," akasema. "Nipo," Marlys akajibu. "Na bendera." "Nenda zako, baharia. Nitaishusha." Marlys akaishusha, akaingia nayo ndani ikiwa nzito kwa maji, akaitandaza juu ya bafu, kwa sababu kuikunja pembetatu kama wafanyavyo wanajeshi hakuwahi kufunzwa, na Duane aliyekuja mbio kuuliza kama mzee ameacha kununa aliambiwa afunge domo akalete supu.

Kisha alimketisha Donna kwenye kiti mbele ya sinki, akampimia joto la maji kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto, akaanza kumlainisha nywele. Zilishikana hasa. Alizifungua fundo kwa fundo, shampuu mara tatu, na Donna akafumba macho akawa anauimba wimbo wao wa kanisani midomo imefumbwa, maneno yamepotea, sauti ipo palepale. Marlys alijikuta analia. Hakuacha kazi.

Ndipo mtaa ukalipuka. Honi kutoka barabara kuu, honi kutoka kanisani, watu wanapiga masufuria, mtu analia kwa sauti kwenye baraza, mtu anatukana. Wisconsin ilikuwa imepata rangi. Televisheni ilikuwa hatua chache tu, chumba cha pili, imezimwa.

Donna akafumbua macho, povu kwenye nyusi.

"Nani anaoa?" akauliza.

"Sijui, mpenzi," Marlys akasema. "Inamisha kichwa, maji yasikuingie machoni."