Ndama wa Bihogo

Ngliii. Kisahani cha chuma kilimponyoka Gakunzi jikoni kwake, South End, Louisville, Marekani, kikazunguka chini ya meza kikiimba, hata mkewe Bamurange akatoka chumbani kuuliza kengele ya kanisa imeingiaje ndani.

Alikuwa amekipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, ndani ya kopo la misumari. Mzee mmoja wa kazini, kule ghalani, ndiye aliyemweleza kuwa ile ni tsuba, kikingio cha mkono kwenye upanga wa kale wa samurai wa Japani. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo, alisema, ukikigonga kinaimba. Cha kumiminwa kwenye kalibu husema "tok" kikanyamaza.

Basi Gakunzi akawa mfugaji. Mwenye nyumba alikataza hata paka, ila mkataba haukutaja ng'ombe wa chuma. Kila tsuba aliyoipata aliipa jina, kama walivyofanya wafugaji wa kwao Minembwe, Kongo. Ile ya kwanza, yenye rangi ya kutu iliyokolea, aliiita Bihogo, jina la ng'ombe mwenye wekundu mzito. Jumamosi aliwapangusa wote kwa kitambaa na tone la mafuta.

"Umemaliza kukamua?" Bamurange alimuuliza akipita.

"Wewe cheka. Chai yako utainywa bila maziwa."

Kiangazi cha 2015 walikwenda Columbus, kwenye ukumbi wa kanisa huko Clintonville, kwa mahari ya mpwa wao. Gakunzi alikuwa na Bihogo mfukoni. Kosa lake lilikuwa kumsifu. Alimtoa akamtajia sifa zake mbele ya meza nzima, kama ng'ombe anavyosifiwa. Theogene, kaka wa Bamurange aliyetoka Buffalo, akafuta mdomo, akasimama, akavua kofia.

"Bon. Wazee, mmesikia wenyewe, anasema ni ng'ombe. Donc, mimi naomba ng'ombe huyo."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kwao ng'ombe akiombwa kwa heshima mbele ya wazee, hanyimwi. Mzee Kamanzi, msemaji wa sherehe, akainua fimbo.

"Gakunzi, mpe shemeji yako."

Gakunzi akamfunika Bihogo kwa kiganja. Baada ya watoto wake hakuna alichokipenda kuliko kile kisahani, na kuna siku watoto walikuja wa pili. Akakitoa, lakini taratibu.

"Na ndama wa kwanza, mzee, ni wa nani?"

"Ndama jike wa kwanza humrudia aliyetoa. Unajua."

"Na asipozaa?"

Mzee Kamanzi akafikiri, macho yakimcheka. "Tasa atarudi kwao. Nawapa mwaka mmoja."

Theogene akakuna kichwa. Chuma kitazaaje?

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, simu ililia Cheektowaga, pembeni ya Buffalo, nyumbani kwa Theogene.

"Shemeji, Bihogo anakula?"

"Anakula."

"Ana mimba?"

"Acha nimtazame vizuri."

Theogene, ambaye hajawahi kununua kitu cha kale ila gari lake, akaanza kuzunguka minadani akipekua makopo ya misumari. Mkewe alidhani ana mwanamke. Alipoona makopo yenyewe, akasema heri angekuwa na mwanamke.

Mwaka ulipotimia walirudi ukumbi uleule; mpwa wao alikuwa amejifungua. Theogene akafungua kitambaa mezani. Bihogo alilala katikati, na ubavuni mwake tsuba ndogo, nyeusi.

"Amezaa, wazee. Jike." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha zizini.

Gakunzi akamchukua ndama, akamshusha chini ya meza, akamgonga kwa pete ya ndoa. Tok. Akagonga tena. Tok.

Neno moja tu, na Bihogo angerudi Louisville. Akamtazama. Hakuwa na vumbi hata kwenye tundu. Na Theogene, huku akingoja hukumu, alikuwa akimpangusa kwa kidole gumba, polepole, bila kujua anafanya hivyo.

"Vipi?" akauliza mzee Kamanzi. "Ni ndama?"

"Ndama kabisa," Gakunzi alisema, ukumbi wote ukamsikia. "Amefanana na mama yake."

Wakapiga makofi. Gakunzi akamkumbatia shemeji yake, akasogeza mdomo sikioni mwake, akanong'ona:

"Huyu ni bubu. Mwakani niletee anayelia."