Bosi Anataka Nimjengee Kiumbe wa Kunipiga Mimi Mwenyewe

Admin, kabla ya yote naomba unifichie. Futa jina, futa picha, na ukiona sentensi inayoweza kumfanya mtu anihisi, ifute pia, sitakasirika. Na ninyi mnaosoma, kwa heshima kabisa, msiipige picha hii mkaisambaza kwenye magrupu. Nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka ishirini na tano, nina shahada ya ununuzi na ugavi. Baada ya kuzunguka sana na bahasha nilipata ukarani wa stoo kwenye duka la jumla la vipuri vya magari, mtaa wa Gerezani hapa Dar. Duka ni la mzee mmoja Mwarabu, mpole, mtu wa dini, lakini anayetuendesha kila siku ni mwanawe. Nitamwita Salim, si jina lake. Funguo za stoo nakaa nazo mimi. Karani aliyenitangulia aliondolewa kwa kushukiwa tu, hawakumkuta na kitu, na hadi leo hakuna duka mtaani pale linalomtaka.

Sasa tatizo lenyewe, msinicheke. Kuna mchezo wa simu wa kupiganisha viumbe. Unamlea kiumbe wako, kisha unamchagulia mapigo ya kwenda nayo vitani, na yanayoruhusiwa ni manne tu. Siku moja Salim alinikuta stoo saa ya chakula nimeinamia simu, nikajua kazi imeota mbawa. Badala yake akachuchumaa pembeni yangu.

"Kumbe na wewe umo? Hebu mcheki kobe wangu, kila siku anapigwa kama ngoma."

Alikuwa amemjaza mapigo manne yote ya kuua. Nikamwambia, "Bosi, kobe ni mzito, hamuwahi mtu. Toa yote. Mpe sumu, mpe gamba la kujikinga, mpe la kujiponya, na la nne mpe ukungu, ili mwenzako asiweze kumtoa kiumbe wake akaingiza mwingine. Halafu msubiri aishe mwenyewe."

"Ukungu? Si pigo la wajinga hilo?"

"Ndiyo maana hawatalitegemea."

Akacheka hadi akakaa chini. "We karani una roho mbaya!" Akaanza kushinda, na tangu siku hiyo viumbe wake wote nawajenga mimi.

Nisichomwambia ni kwamba, mbali na jina analolijua, nina jingine la siri kwenye mchezo huo. Nalitumia nikiwa kwenye pantoni, nikivuka kutoka Kigamboni asubuhi na nikirudi jioni. Kwa jina lile hakuna anayenituma chai wala kuniita dogo. Watu wananiogopa. Na siku ile ile aliponionyesha simu yake ndipo nilipoona kwamba aliyekuwa akimpiga kila siku ni mimi. Nilitaka kusema, mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini alinitangulia: "Huyu mbwa nikimjua, atajuta kuzaliwa." Nikameza. Kila siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi kusema kuliko ya jana yake.

Naapa sijawahi kumjengea kiumbe mbovu. Nampa bora ninayemjua, na bado nampiga, kwa sababu najua anabeba nini. Kuna siku tunakula pamoja akaniambia, "Hapa dukani wote mnanisifia. Wewe peke yako ndiye unayeniambia ukweli nikikosea."

Sasa kwenye mashindano ya mchezo huo tumeingia fainali, yeye na lile jina langu la siri. Ni Jumapili hii. Juzi aliniita nimjengee kiumbe wa kummaliza adui yake. Nikakaa pale natafuta mapigo manne ya kunipiga mimi, naye akawa anarudia kutazama mapambano yao ya zamani. Ghafla akalisimamisha pambano moja.

"Karani. Huyu jamaa anaweka ukungu."

"Wapo wengi siku hizi, bosi."

"Wapo wapi? Nimeanza kucheza kabla yako. Anayeweka ukungu namjua mmoja tu."

Kisha akatabasamu, akaniwekea mkono begani. "Jumapili njoo nyumbani Kariakoo. Unakaa pembeni yangu, tunampiga wote. Simu yako tutaiweka mezani. Jamaa asipotokea, mimi na wewe tutaongea."

Dada wa kaunta akadakia, "Mwenzetu kapanda cheo, anaitwa kula pilau kwa bosi!" Wote wakacheka. Nami nilicheka.

Nikienda, lile jina halitatokea, atajua. Nisipokwenda, atajua mapema zaidi. Nimewaza kumpa rafiki aingie kwa jina langu acheze, lakini Salim ameshaujua mkono wangu, ataona upesi kwamba si mimi. Nikikiri, habari itafika kwa mzee, ambaye nikimwamkia shikamoo huniitikia "marahaba mwanangu", na haingii kukagua stoo yangu. Atajiuliza, kama huyu amekula na mwanangu huku anampiga kwa kujificha, ndani ya stoo kuna nini? Na mimi sijaiba hata nati.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nikiri kabla ya Jumapili, au niende nikakae pale nisubiri?

Salim hasomi kurasa hizi, anasema ni za wanawake, ila simu yangu huishika bila kuomba. Kwa hiyo msinitafute. Mwandikieni admin, naye anitumie meseji ya kawaida asubuhi, kabla sijafika kazini. Admin, usitaje mchezo wala stoo. Andika kama unamshauri mwanamke. Ukiniandikia "dada, mwambie mumeo", nitajua wengi wamesema nikiri. Ukiandika "dada, vumilia", nitaelewa pia. Ila ikifika Jumapili mchana hujaniandikia, usiandike tena. Simu itakuwa mezani kwake.