Ndimu Iliyokatwa Mwezi Umepatwa

Narmin aliolewa akiwa na siri ya kifafa. Alikuwa akianguka tangu utotoni, na siku ya harusi mama yake, Sabiha, alimkabidhi vidonge vyeupe na wosia mmoja: "Meza kila alfajiri, na mumeo asijue. Ukitajwa wewe, wadogo zako hawatapata wachumba."

Miaka ile hata sabuni ilipangiwa foleni, seuze dawa. Vidonge vilitoka Mombasa, vikavushwa mpaka kwa njia ya Moa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Narmin alivimeza bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Miaka miwili hakuanguka hata mara moja.

Mumewe, Asif, alikuwa na duka la vitambaa Barabara ya Nane, lenye rafu tupu na heshima tele. Waliishi juu ya duka pamoja na mama yake Asif, Batulbai. Oktoba ya mwaka themanini na tano, Narmin akiwa na mimba ya miezi miwili, mwezi ulipatwa. Ulitundikwa juu ya mapaa, mwekundu kama kidonda kibichi, na watoto mitaani wakagonga masufuria. Batulbai alikuwa mezani, supu mbele yake.

"Nikatie ndimu, binti," alisema.

Narmin akakata. Ndipo mama mkwe akaukumbuka mwezi, akampokonya kisu. Ndimu ilikwisha kuwa vipande viwili. Nyumbani mwao wazee waliamini kuwa mjamzito akikata kitu mwezi umepatwa, amemkata mtoto tumboni.

Alisha alizaliwa Mei iliyofuata, mdomo wa juu umepasuka hadi puani, kaakaa lina tundu. Alipopewa ziwa, maziwa yalimtokea puani. Narmin akamlisha kwa kijiko, tone kwa tone, akisikiliza mkoromo wa kiumbe anayezama katika maziwa ya mama yake. Sauti ile ilimganda. Aliisikia maji yakimiminwa mtungini, aliisikia katikati ya sala.

"Ni ile ndimu," Batulbai alisema siku ya kwanza, asirudie tena.

Moyoni Narmin aliamini ni vidonge. Lakini kutaja vidonge ni kutaja kifafa, basi akaiacha ndimu ibebe lawama.

Alisha alishonwa mdomo huko Moshi, akabaki na kovu jembamba. Biashara nayo ikafunguliwa: rafu za Asif zikajaa, mitumba ikamwagika barabarani, na duka la dawa likafunguliwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Vidonge sasa vilipatikana bila kuvushwa mpaka. Mwaka themanini na nane, alipojijua ana mimba tena, Narmin alivitupa vyote chooni.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, alikuwa dukani akimpimia mteja kitambaa. Alinusa mpira unaoungua, harufu ambayo wengine hawakuisikia. Alipozindukana alikuwa sakafuni, ulimi umechanika, nguo zimelowa, nyuso za wateja zimemzunguka, na Alisha analia.

Hospitalini mkunga aitwaye Bertha alisikiliza tumbo, akasema mimba ipo. Kisha akauliza, "Dada, kuna dawa uliyoiacha?"

Narmin aliwatazama Asif na Batulbai waliosimama miguuni pa kitanda. Akasema yote, hata ile ndimu.

"Dawa hizi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro, ni kweli," Bertha alisema. "Lakini wengi wanaozimeza huzaa watoto wazima. Ukiziacha ghafla unaweza kuanguka mfululizo, ukafa wewe na yeye. Ungekuja kabla ya mimba, daktari angekuchagulia dawa moja, kwa kipimo kidogo kinachotosha. Mficha uchi hazai, dada."

"Basi vidonge ndivyo vilivyompasua Alisha?" Narmin aliuliza.

"Huenda. Huenda sivyo. Wapo wanaozaliwa hivyo na mama zao hawajameza chochote. Ila kisu hakimo."

Batulbai aliketi sakafuni pale pale. "Mimi ndiye niliyeomba ile ndimu," alisema. "Nikimtazama mtoto yule naona mkono wangu. Nimefunga kila Alhamisi kuomba msamaha. Na wewe ulijua?"

"Niliogopa, Mama."

Asif alikohoa. "Ningekuoa vilevile," alisema. Kisha akaongeza, "Labda."

Daktari alimrudishia dawa, kwa kipimo kipya. Batulbai hakutamka neno la kusamehe, lakini kila alfajiri alileta mwenyewe bilauri ya maji, akasimama hadi kidonge kimemezwa. Raheel alizaliwa mzima. Narmin alimpitisha kidole kinywani kabla hata hajauliza ni wa kike au wa kiume, na kwa miezi mingi aliendelea kulipapasa kaakaa lile, kana kwamba lingeweza kufunguka lenyewe.

Alisha alipofika miaka saba alisimama mbele ya kioo, akagusa kovu.

"Mama, nilikatwa na nini?"

"Sijui, mwanangu," Narmin alijibu, na safari hii ilikuwa kweli. Angalau uongo angeweza siku moja kuutubia.