Tulivyopima Upya Ukingo wa Korongo la Mchangani

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa kunawa mikono mara tatu. Mchoraji Mkuu, bosi wangu wa kwanza, aliviangalia viganja vyangu kama mama anayemkagua mtoto kabla ya kula, akasema, "Binti, karatasi hii ikipata jasho, wino unakimbia. Wino ukikimbia, kiwanja cha mtu kimehama. Kanawe tena." Nilikuwa nimetoka Buigiri alfajiri nyuma ya lori, na vumbi la njiani sikuwa nimelialika mimi. Nikanawa. Hatimaye akanikabidhi kalamu ya wino na karatasi ya trasi, ile nyembamba inayoonyesha mchoro uliolazwa chini yake, akaniamuru nichore mistari iliyonyooka mpaka saa ya chai. Baada ya chai nikaendelea mpaka jioni.

Ninyi vijana wa mipango miji mnaochora kwa kompyuta mtacheka. Chekeni tu. Sisi mitaa ya Dodoma tuliichora kwa mkono, na mstari ukikosewa tuliukwangua kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Mchoraji Mkuu alikuwa na mwandiko ambao sijauona tena. Angeandika jina la mtaa kwa herufi ndogo kama punje za uwele, ukadhani limepigwa chapa. Kila nilichokijua cha kazi ile nilikipata kwake, na ninalisema hilo mapema, kabla sijasema mengine.

Mwaka wangu wa tatu, Mkuu wa Idara aliagiza viwanja vipya upande wa kaskazini wa mji. Mchoraji Mkuu akaenda kuliangalia eneo mwezi wa nane, akarudi anapiga mluzi. Alikuwa amekuta uwanda mpana wa mchanga, tambarare, hakuna mwamba wala kichaka cha kufyeka. Kumbe lile lilikuwa korongo. Korongo ndio mto wetu sisi wa nyanda kavu: karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu wanapita na baiskeli, halafu mvua ikinyesha vilimani linashuka ghafla limejaa maji, hata kama mjini jua linawaka.

"Kwetu Bukoba mto ni maji," Mchoraji Mkuu alituambia. "Huu ni mchanga."

Kanuni ya wakati ule ilitutaka tuache nafasi kutoka ukingo wa mto. Haikusema ukingo ni upi. Yeye akauona ukingo kwenye mfereji mwembamba wa katikati, akaacha nafasi kutoka hapo, na uwanda uliobaki ukawa viwanja. Mimi nilizaliwa jirani na korongo. Nilipokuwa nasoma Mvumi tuliwahi kushinda ng'ambo siku nzima tukingoja lipite ndipo tuvuke. Nilijua kabisa. Lakini mkono usioweza kuukata, ubusu, na mimi niliubusu. Nikavichora viwanja vile kimoja baada ya kingine kwa mikono niliyoinawa vizuri. Mtaa ukaitwa Mchangani.

Baada ya hapo nilihamishiwa Singida, kisha Manyoni, nikaenda kusoma, nikarudi nikiwa Ofisa Mipango Miji. Wakuu niliofanya nao kazi huko walikuwa wa kila aina. Mmoja alikuwa hasaini mchoro mpaka amekwenda mwenyewe kuona jiwe la mpaka, hata kama jiwe liko porini. Mwingine alisaini akiwa anazungumza kwa simu. Wa kwanza ndiye niliyemwiga.

Niliporudi Dodoma, serikali ilikuwa imehamia na mji umefurika watu. Mchangani kulikuwa kumejaa nyumba. Mchoraji Mkuu alikuwa amestaafu, naye amejenga hukohuko, kwenye kiwanja cha kona nilichokichora mimi. Korongo nalo halikuwa limehama. Masika moja lilimchukua mama aliyekuwa anatoa mbuzi wake bandani. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na kila mtu alisema ni kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa najua kalamu iliyochora banda lile liwe pale. Nilirudi nyumbani Miyuji nikaapa kwamba sistaafu kabla sijalirekebisha kosa lile.

Nafasi ilikuja Mkurugenzi alipoagiza sheria ndogo za mipango miji zifanyiwe marekebisho, hasa za maeneo yanayofurika. Nikaomba kazi ile kabla hajamaliza kusema.

"Mama, unataka nini hasa humu?" akaniuliza.

"Sentensi moja tu, Mkurugenzi."

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: ukingo wa korongo ni pale maji ya masika yalipofika juu kabisa, kwa alama zinazoonekana, wala si pale mfereji unapoishia kiangazi. Mwanasheria wa ofisi aliisoma mara mbili. "Nzuri," akasema, "lakini hizo alama ziko wapi? Mtu akitupeleka mahakamani nitaonyesha nini?" Vijana wa ofisini wakarusha droni mwezi wa saba, wakaleta picha safi sana ya mchanga. Nikawaambia hongereni, mmepiga picha ya kitanda wakati mwenyewe hayupo.

Basi nikachukua levo, darubini ya miguu mitatu inayoonyesha usawa, nikaenda Mchangani. Mwenyekiti wa mtaa akanishikia ufito wenye vipimo. Nilitarajia kuona ukutani ile michirizi ya tope ambayo mafuriko huiacha. Sikuona hata mmoja. Nyumba zote zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, lakini upande wa chini tu. Juu rangi ya zamani, chini nyeupe. Nyingine chokaa iliishia magotini, nyingine kiunoni, nyingine kifuani.

Kulikuwa na bibi mmoja amekaa mlangoni anapepeta uwele. Tulisalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi kwa mbukwenyi, kisha nikamwuliza, "Mama, mbona chokaa imeishia hapa?"

"Iliisha, mwanangu."

"Na ya jirani?"

"Na yake iliisha."

"Zikaisha zote kwa pamoja?"

Bibi akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Wewe si wa huku huku? Sasa unauliza nini?"

Watu walikuwa wanaogopa. Ukuta ukionyesha tope, mpangaji anakimbia, na ofisi inakuja na alama ya X ya kubomoa. Kwa hiyo kila masika yakiisha walificha tope, na kwa kubana matumizi kila mmoja alipaka pale tope lilipofika, asizidishe hata kiganja. Mficha uchi hazai, lakini hawa walikuwa wameuficha kwa kuuchorea mstari. Nikapima nyumba hadi nyumba. Iliyo bondeni chokaa ilifika kifuani, iliyoinuka ilifika magotini, ila kwenye levo zote zilisoma usawa mmoja, unaoteremka polepole kadiri korongo linavyoteremka. Ni maji tu yanayoweza kuchora hivyo. Katika kazi yangu yote sijapata kufurahi kama siku ile, na Mwenyekiti alinishangaa nikirukaruka mchangani na umri wangu.

Nyumba moja tu ndiyo iliyonishinda. Ya Mchoraji Mkuu. Yeye, fundi wa michoro, alikuwa amepaka rangi ukuta mzima, kutoka msingi mpaka kwenye paa. Na pale kwake ndipo korongo lilipokuwa pana kuliko kote. Nisipojua maji yalifika wapi kwake, nusu ya mstari wangu ilikuwa ya kubahatisha. Wiki iliyofuata likaja pingamizi lake, kwa ule mwandiko wa punje za uwele: "Nyumba yangu haijawahi kuingia maji." Mwanasheria akaiweka barua mezani. "Huyu ndiye aliyelichora eneo. Akisema hivyo mbele ya hakimu, tumekwisha."

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunibomolea?"

"Nimekuja kukuambia neno. Siku ile uliporudi kutoka site na kusema huu ni mchanga, nilijua korongo linashuka. Nilijua, nikachora."

Aliweka kikombe chini. "Kwa nini hukusema?"

"Ungenisikiliza?"

Akaangalia uani. "Nisingekusikiliza," akasema. Habari za ukuta wake sikumwuliza. Nilikunywa chai yangu nikaondoka, na nakiri niliondoka nikiamini nimeshindwa.

Siku ya kusikiliza mapingamizi tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wamejaa mpaka madirishani. Wengi walipinga, na siwalaumu; nyumba ni jasho la mtu. Mwanasheria alipomwita Mchoraji Mkuu, mzee alisimama, akapita mbele, akachukua chaki. Bila rula wala karatasi akalichora korongo lote ubaoni, kila kona yake, kisha viwanja, kisha nyumba yake. Halafu akavuta mstari wa maji. Ulipita nyuma ya nyumba yake, mbali kuliko nilivyokisia mimi.

"Kwangu yalifika dirishani," akasema. "Ukuta mzima nilipaka mimi, ili asijue mtu. Naondoa pingamizi langu." Akaiweka chaki mezani. "Na msimseme mama huyu kwa viwanja hivi. Yeye alishika kalamu tu. Aliyeuita mto mchanga ni mimi."

Nikasimama. Niliwaambia watu wa Mchangani kwamba kalamu ile ilikuwa na mwenyewe, kwamba nilijua nikanyamaza, na kwamba nawaomba radhi. Nililia mbele yao na sikuona haya. Yule bibi wa uwele ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuukubali mstari.

Sheria ndogo zilipita, na sentensi yangu imo, neno kwa neno. Waliokuwa ndani ya mstari walipewa viwanja mbadala mlimani. Haikuwa rahisi, wengine walihama wakinitukana, na wapo ambao mpaka leo tukikutana sokoni wanageukia upande wa pili. Mchoraji Mkuu alihama wa kwanza, akabeba mpaka milango yake. Mimi nikastaafu mwaka uliofuata. Nimechora mitaa mingi katika maisha yangu, na mingine ina lami na taa, lakini mtu akiniuliza najivunia upi, namwambia ni ule ambao haupo tena.

Vijana, kompyuta zenu zitumieni, ni nzuri. Ila nendeni site kwa miguu, tena nendeni masika, na mkiona bosi wenu amekosea semeni, hata kama sauti inatetemeka. Hasira ya bosi ni ya wiki moja.

Masika ya kwanza baada ya kustaafu kwangu mvua ilinyesha vilimani kwa siku mbili. Asubuhi ya tatu nilikuwa nakoroga uji, Mwenyekiti wa mtaa akanipigia simu. Akasema korongo limeshuka, kubwa kuliko la mwaka ule wa msiba. Nikauliza huku mwiko umesimama sufuriani, "Nyumba ngapi, Mwenyekiti?"

"Hakuna, mama," akasema. "Limepita, halikumkuta mtu."