Baiskeli ya Telesphor na Begi la Mama Josée

Telesphor ni mtu wa siri. Ukimuuliza jana alikula nini, atafikiri kwanza kama kuna ubaya wowote wewe ukijua. Sisi watu wa Uvira, kule Kongo, tuna tabia hiyo ya kutotangaza jambo kabla halijafika mkononi, lisije likaharibiwa na macho ya watu, lakini yeye amezidi. Ndiyo maana alipojiandikisha kupata baiskeli kazini hakumwambia mtu, hata Mama Josée. Na Mama Josée ndiye mtu pekee aliyekuwa akizungumza naye London nzima.

Sitanii. Mkewe alifariki zamani. Mwanawe yuko Manchester na humjibu kwa Kiingereza, tena kwa maandishi. Kazi yake hospitalini ni kusukuma wagonjwa kutoka wodini hadi eksirei, na mgonjwa anayesukumwa hana hamu ya hadithi. Kwa hiyo siku nzima ya Telesphor ilikuwa na dakika ishirini na tano tu za mazungumzo, ndani ya basi la saa kumi na moja na nusu alfajiri kutoka Thamesmead. Mama Josée, anayesafisha maofisi, hupanda vituo vitatu kabla yake. Alikuwa akikaa dirishani na kuweka begi lake jeusi kwenye kiti cha pembeni. Aliyetaka kukaa aliambiwa, “Kuko mutu,” yaani kiti kina mwenyewe. Mwingereza, Mpolandi, Mnigeria, wote waliambiwa kwa Kiswahili hichohicho na wote walielewa. Telesphor akiingia, begi liliinuliwa na maneno yakaanza: bei ya sombe, yale majani ya muhogo, mchungaji anayehubiri mpaka watu wanasinzia, magoti. Miaka minne. Wakiachana walisema “kesho”, basi hakuna aliyewahi kuomba namba ya mwenzake.

Mwezi wa tatu msimamizi wake, Jennifer, akawaeleza mpango: mwajiri analeta baiskeli, wewe unakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, kabla ya kodi, mwaka mzima. Telesphor aliwahi kuwa mwalimu. Kule Uvira alikwenda shuleni kwa baiskeli, wanafunzi wakimpisha njia na kumwamkia. Akasaini siku hiyohiyo. Alichagua ya kijani, yenye kengele. Mama Josée angeambiwa ikishafika. Ilifika Ijumaa, na Jumatatu yule bwana akaipanda moja kwa moja hadi kazini.

Wiki ya kwanza alifurahi kweli. Wiki ya pili alianza kuimba nyimbo za kanisani njiani ili asikie sauti yake. Wiki ya tatu, akimsukuma bibi mmoja, akatambua kwamba tangu salamu za kanisani Jumapili hajatamka neno la Kiswahili mbele ya mtu. Angeweza kurudi kwenye basi, lakini aliona aibu. Utamwambia nini mtu uliyemtoroka bila kuaga? Akaahirisha, na kila alipoahirisha aibu ikakua. Upweke ulimkaba. Aliniambia hivyo mwenyewe baadaye, na Telesphor si mtu wa kuniambia mambo.

Wiki ya sita, siku moja usingizi ulimkataa, akatoka mapema. Kwenye taa nyekundu za Plumstead basi likasimama kando yake. Akainua macho. Mama Josée alikuwa dirishani, begi liko kwenye kiti cha pembeni, na mwanamume mmoja amesimama akilinyooshea kidole. Mama Josée akatikisa kichwa. Midomo yake ikasogea kidogo, na Telesphor hakuhitaji kusikia.

Akagonga kioo. Mama Josée akamtazama: kofia ngumu, miwani ya upepo, koti la njano linalong'aa. Akageuza uso, kama mtu anayemkwepa mlevi. Taa zikawaka kijani, basi likaondoka.

Kesho yake baiskeli ilibaki imefungwa ukumbini, na makato yake bado miezi kumi. Telesphor alipanda basi. Begi lilikuwa palepale. Mama Josée alikuwa akitazama nje.

“Kuko mutu hapa?” akauliza.

Mama Josée aligeuka.

“Kuko,” alisema, akaondoa begi.