Nilimsingizia Mama Aliyemvusha Mwanangu

Nilikosa mimi. Nimezunguka na maneno mengi mwaka mzima, nikitafuta pa kulitua hili kosa, na kila mara linarudi kwangu.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Iringa mjini. Nina duka la pembejeo za kilimo, na mpaka mwaka jana nilikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika wetu na mjumbe wa kamati ya wazazi shuleni kwa binti yangu. Jina langu silitaji kwa ajili ya huyo binti. Nitamwita Upendo. Alikuwa darasa la nne.

Shule yenyewe iko maeneo ya Mlandege, barabarani kabisa. Ukitokea kwetu, geti linakuwa ng'ambo, mkono wa kulia. Kamati ilipanga kwamba wazazi wenye magari tukaegeshe kwenye uwanja mbele kidogo, halafu watoto warudi kwa miguu mpaka kwenye zebra, wavushwe. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kuupitisha utaratibu huo.

Sikuufuata hata wiki moja. Kutoka uwanjani mpaka getini ni mwendo wa dakika tatu, na mimi nilijiona nina haraka kuliko wenzangu. Nilikuwa nasimamisha gari juu ya zebra, Upendo anashuka, anavushwa mbele ya gari, naondoka.

Aliyekuwa anavusha watoto ni mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Nyololo huko Mufindi. Tumwite Mama Vumilia. Alikuwa na koti la kijani la kung'aa na kibendera chekundu, na majina ya watoto wote aliyajua. Alinifuata dirishani si chini ya mara nne. Kila mara alianza na shikamoo, wakati kwa umri mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Aliniomba nisisimame pale, kwa sababu gari langu refu linamziba, haoni kinachokuja nyuma yangu, na anayekuja hawaoni watoto.

Mara ya mwisho nilimjibu hivi, binti yangu akisikia: "Mama, wewe umeajiriwa kushika kibendera. Udereva tuachie wenyewe."

Akarudi kwenye nafasi yake. Nilifunga kioo nikijisikia mwanaume kweli kweli. Nikikumbuka leo natamani kujitemea mate.

Asubuhi ya siku ile kulikuwa na ukungu na baridi kali, kama ilivyo kwetu mwezi wa sita. Nilisimama palepale juu ya zebra, simu mkononi, namjibu mteja wa Igawa aliyekuwa anaulizia mbolea. Upendo alishuka. Mama Vumilia akamshika mkono, na mkono wa pili akamshika mtoto mwingine wa darasa la kwanza. Walipofika usawa wa taa yangu ya kulia alisimama, akanyoosha shingo achungulie nyuma ya gari langu kabla ya kutoka.

Nikapiga honi. Mara mbili. Nilitaka wamalize niondoke.

Alishtuka, akapiga hatua. Bajaji iliyokuwa inanipita kwa kulia ikatokea. Nilichokiona ni watoto wawili wanasukumwa kwa nguvu kurudi mbele ya boneti yangu, wakaanguka chini, na yule mama akabebwa na bajaji akatupwa pembeni. Hakupiga hata kelele. Watoto walichubuka magoti tu. Yeye mguu ulivunjika sehemu mbili.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo uchafu wangu ulipo.

Watu walipiga mbio kumwendea. Walimu, wauza maandazi, wazazi, wote macho kwake. Mimi nilishuka, nikamwinua binti yangu, nikamsimamisha pembeni ya barabara. Halafu nikaingia kwenye gari, nikaweka rivasi, nikalirudisha nyuma taratibu mpaka likatoka juu ya zebra. Mama aliyemwokoa mwanangu bado yuko chini kwenye lami, na mimi naegesha gari vizuri!

Trafiki walipofika walilikuta gari langu nyuma ya mstari, limetulia, kama la mtu anayeheshimu sheria. Nikatoa maelezo kwamba nilisimama kuwapisha, na kwamba yule mama alitoka na watoto bila kuangalia. Dereva wa bajaji, baba mtu mzima mwenye familia, alilia akisema gari lilikuwa juu ya zebra na lilimziba. Nani angemsikiliza? Alipelekwa mahabusu.

Siku chache baadaye kamati ilikaa. Mwalimu mkuu aliniuliza, kwa kuwa nilikuwepo, kilichotokea. Nilisema kwa sauti ya huruma kwamba mama wa watu umri umeenda, macho hayana nguvu tena, tusimlaumu sana ila tusimrudishe kwenye kazi ya watoto. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mama Vumilia aliachishwa kazi akiwa bado kitandani, mguu umefungwa hogo la plasta, na alipotoka hospitali ndugu zake wakamchukua kumrudisha Nyololo.

Jumapili iliyofuata kikao hicho nikapewa zamu ya kuongoza maombi. Mchungaji aliniomba nimkumbuke mama wa shule aliyeumia. Nikasimama mbele ya usharika na suti yangu, nikamwombea. Nikamshukuru Mungu kwa kuwalinda watoto. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hadi leo, nikisikia mtu anasifiwa kwa kuomba vizuri, nainuka naondoka.

Upendo alikuwa amekaa kwenye benchi la pili na mama yake. Wote waliposema Amina, yeye alikuwa ananiangalia, mdomo umefungwa.

Mchana ule tukiwa mezani mama yake alimuuliza mbona hali chakula. Hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akasema taratibu, "Baba, wewe ulirudisha gari nyuma. Niliona."

Mke wangu akaweka kijiko chini. Aliniuliza mtoto anasema nini. Nikajibu kwamba alipata mshtuko, amechanganya mambo. Yaani nilimsingizia hata mwanangu mwenyewe, ana miaka kumi, palepale mezani, mbele yake.

Upendo hakubisha. Ila kesho yake hakupanda gari. Alitoka mapema na watoto wa jirani, kwa miguu, kwenye baridi. Kesho kutwa hivyohivyo. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwahidi baiskeli. Mke wangu aliniangalia wiki nzima, halafu akaniambia kwamba mtoto hachanganyi mambo, na kwamba yeye amelala na mimi miaka kumi na mitatu, anajua nikidanganya ninavyopumua.

Ndipo nikavunjika. Nisijisifu kwamba dhamiri ilinisukuma. Nilibanwa ndani ya nyumba yangu, nikakosa pa kukimbilia.

Nilikwenda polisi nikabadilisha maelezo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mchungaji. Kesi ikanigeukia, na dereva wa bajaji akaachiwa, ila mtu aliyekaa ndani wiki mbili kwa uongo wako huwezi kumrudishia hizo wiki. Nilipomfuata kumwomba radhi alinitazama, akawasha bajaji yake, akaondoka. Uzee wa kanisa nilivuliwa. Kwenye kamati nilitolewa. Wateja wengine wakipita dukani wanageuzia nyuso upande wa pili.

Kisha nikaenda Nyololo. Kutoka Iringa mpaka kule, njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Mama Vumilia amekaa nje kwa dada yake, magongo pembeni, anachambua maharage. Dada yake alinikaribisha kwa "Kamwene" ya uchangamfu, akaniletea kigoda, hajui mimi ni nani.

Nilipiga magoti. Nikaanza kueleza habari ya gari, ya honi, ya kamati. Nilipofika kwenye kurudisha gari, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hilo najua," alisema. "Nilikuwa nimelala pale chini. Niliona tairi lako linarudi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema, baba. Nilimwambia mwalimu mkuu hospitalini. Akaniambia maumivu yamenichanganya, mzee wa kanisa hawezi kufanya vile."

Nikamwambia shule iko tayari kumrudisha. Akaninyooshea mguu wake uliopona vibaya, umepinda chini ya goti, akasema yule wa kukimbia mbele ya watoto hayupo tena. Aliniuliza kama Upendo anaendelea vizuri na masomo. Nikasema ndiyo. Akasema nimsalimie. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza. Aliendelea kuchambua maharage yake mpaka nikaaga.

Wazazi wenzangu, na madereva wote mnaopeleka watoto shule. Najua asubuhi mnavyokimbizana. Najua mnavyomwona yule mama au yule baba wa kuvusha kama kizuizi, mtu asiye na cheo anayewachelewesha. Simama mbali na zebra. Simu iache. Akikuambia sogeza gari, sogeza, umshukuru. Na ukishakosa, basi kubali palepale, gari likiwa palepale ulipolisimamisha, kabla hujaanza kutengeneza uongo ambao mwanao ataushuhudia.

Mimi nilishushwa vyeo, na hivyo havinisumbui. Upendo sasa yuko darasa la tano. Ananisalimia, anakula tukila, anafanya kazi zake. Ila nikimwambia jambo, hata dogo, kwamba mvua inakuja au chakula kiko tayari, huwa anamtazama kwanza mama yake, kuona kama ni kweli.