Bakili Alivyoniharibia Gari Bovu

Bakili ni fundi wa Buguruni, mtu wa Masasi, ana miaka ishirini na mbili kwenye gereji ya mabati isiyo na kibao. Mimi nauza vipuri Kariakoo. Nikinunua gari bovu, yeye ndiye hulifungua.

Mwezi wa sita nilimpeleka kwa Nirali, mwenye duka la vitenge, anayeishi ghorofani juu ya duka lake. Alikuwa na Mazda ya zamani ya injini ya rotari, ile isiyo na pistoni, yenye pembetatu inayozunguka ndani. Akishuka asubuhi haiwaki, na mafundi wawili walishamwambia injini imekufa. Bei ya kuinunua tulishapatana. Nilimwambia Bakili aje na spana tu.

Badala ya kufungua, akaanza kuuliza. Nirali akasema cha ajabu Jumapili inawaka bila kubembelezwa. Inagoma siku za kazi. Bakili akachomoa plagi, zimelowa petroli chapachapa. Akamgeukia mlinzi wa uani.

"Shikamoo mzee Adamu. Nani anaigusa hii alfajiri?"

"Marahaba. Mimi. Siku za kazi naisogeza magari mengine yatoke, nairudisha, nazima. Dakika moja haifiki, nabana mafuta ya watu."

"Kwa hiyo kwako inawaka?"

"Inawaka. Sikuulizwa."

Nikamkumbusha Bakili kuwa jua linapanda. Alitoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akapiga stata mpaka injini ikatema petroli, akadondoshea oili kidogo kwenye matundu ya plagi ili injini ibane hewa, akakausha plagi, akarudisha vyote. Ikakohoa, ikawaka, moshi mweupe ukajaa uani.

"Haijafa," akamwambia Nirali. "Ikiwashwa ikiwa baridi inajimwagia petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, inabaki imelowa. Mzee, ukitaka kuisogeza, weka nyutro usukume."

Nirali akanitazama. "Mama Salma, gari siuzi tena."

Njiani nilimuuliza Bakili kama anakumbuka nani kamleta.

"Nakumbuka. Sasa nifungue injini nzima, halafu niseme nilikuta maiti?"

Bado namtumia, kwa rotari sijaona wa kumzidi. Ila siku hizi gari bovu nalipia kwanza, nalivuta hadi Buguruni, ndipo namwita Bakili alitazame.